Gari Likishushwa, Taa Nazo Zipimwe

Vijana wengi wa mjini hupenda gari lililoshushwa: springi fupi, bampa karibu na lami, umbo la kupendeza linapopita Darajani jioni. Hatuna ugomvi na mapenzi hayo. Tunachotaka mtumiaji akifahamu kabla ya kulipa ni kwamba fundi anapogusa springi amegusa pia taa za mbele, ingawa hakuzishika kwa mkono.

Kwa desturi, taa iliyopunguzwa hulazwa kidogo kuelekea chini, takriban sentimita moja kwa kila mita ya mbele. Tuchukue gari ambalo taa zake ziko sentimita 65 kutoka ardhini. Ukingo wa mwanga wake utagusa barabara umbali wa mita 65. Gari hilo likishushwa sentimita 5 sawasawa mbele na nyuma, mwanga utafika mita 60, na hasara hiyo ni ndogo.

Hatari imo katika kushusha kusiko sawa. Tuseme mbele pameshuka sentimita 5 na nyuma sentimita 2 tu. Tofauti ya sentimita 3 ni kama upana wa vidole viwili, na kwa macho huonekana si kitu. Lakini kwa gari lenye mita 2.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, tofauti hiyo huuinamisha mwanga kwa sentimita 1.2 zaidi katika kila mita, na ukingo wake huishia mita 27. Dereva anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita takriban mita 17 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka na kukanyaga breki imekwishakula zaidi ya nusu ya mwanga wake, na mita 10 zilizobaki hazitoshi kulisimamisha gari. Anayeijua njia ya shamba, tuseme ile ya Jozani kuelekea Paje palipo na miti, atajua pia ni nani anayeweza kuwa mbele gizani: mwenye baiskeli isiyo na taa, gari la ng'ombe, au watu wanaotoka tarawehe.

Nyuma pakishuka zaidi, mambo hugeuka. Mwanga huinuka, na wakipanda abiria watatu nyuma na mizigo kwenye buti huinuka tena, hadi ukawapofua wanaokuja. Mwenye gari mwenyewe hufurahi kwamba taa zake zinaona mbali, na ndiyo sababu kosa hili hudumu.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Tafuta sakafu iliyo sawa mbele ya ukuta. Vichochoro vya Mji Mkongwe havifai. Jaza upepo wa tairi, mtu akae kiti cha dereva, kisha litikise gari ili springi zitulie. Taa ziwe mita 5 kutoka ukutani. Pima kwa futi urefu wa kitovu cha taa kutoka chini, na utie alama ya chaki ukutani kwa urefu huo huo. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 chini ya alama. Kwa kuwa sisi huendesha kushoto, mwanga huo unaweza kupanda kidogo upande wa kushoto, lakini kulia ubaki chini. Fanya hivyo kabla ya kushusha gari na urudie baadaye, mahali pale pale.

Marekebisho hufanywa kwa skrubu zilizo nyuma ya taa, robo mzunguko kwa wakati mmoja, kila taa peke yake. Kama gari lina kitufe cha kuzungusha cha kushushia taa, kiwekwe kwenye sifuri kwanza. Hicho hushusha tu, hakiwezi kuinua kupita sifuri. Magari yenye taa zinazojirekebisha zenyewe huwa na sensa iliyofungwa karibu na springi. Sensa hiyo nayo lazima iwekwe upya, la sivyo itarekebisha kwa hesabu ya zamani.

Kuna kosa ambalo skrubu haliponyi. Taa za mtumba zilizotoka kwenye magari ya nchi zinazoendesha kulia, kama Oman na Falme za Kiarabu, hupandisha mwanga upande wa wanaokuja. Ulizia asili ya taa kabla ya kununua.

Unapopatana na fundi, kazi ya kupima taa iingie katika bei na iandikwe kwenye risiti kwa jina lake, pamoja na sentimita zilizoshushwa mbele na nyuma. Kanuni Namba 48 ya Umoja wa Mataifa inataka taa hizi zisiwe chini ya sentimita 50 kutoka ardhini, hivyo pima hilo pia kabla hujaondoka gereji. Springi za zamani uzichukue nyumbani. Ikiwa skrubu imefika mwisho na mwanga bado haujakaa mahali pake, utazihitaji.