Mwaka wa Shule Ukiisha, Nyumba Nayo Hupanda Darasa



Kila mwaka, mwezi wa Julai unapoanza, kengele ya shule hulia mara ya mwisho, nao watoto hurudi nyumbani mbio, wameshika mikononi karatasi za alama zao. Mama huuliza, "Umefaulu?" Akisikia ya kwamba mtoto amefaulu, kuku huchinjwa, na jamaa hufurahi. Kesho yake mtoto hutumwa shambani, na neno la shule halitajwi tena mpaka Septemba.

Katika somo hili tutafikiri jambo ambalo nyumba nyingi hulisahau: mtoto hapandi darasa peke yake. Abadilikapo yeye, yawapasa baba na mama wabadilike pamoja naye. Mtihani wa mtoto umekwisha. Mtihani wa wazazi ndio kwanza unaanza.

I. MABADILIKO HAYO NI YAPI?

Katika nchi yetu ya Kongo shule ya msingi ni ya miaka sita. Mwisho wa mwaka wa sita mtoto hufanya mtihani wa taifa, uitwao ENAFEP, na akifaulu hupewa cheti. Mbele yake lipo darasa la saba na la nane. Serikali imeyahesabu madarasa hayo mawili pamoja na yale sita, hata elimu ya lazima ya mwanzo ikawa ya miaka minane. Lakini kwa kawaida hufundishwa katika shule ya sekondari, wala si katika shule ndogo ya kijiji.

Basi mtoto wa darasa la sita hukutana na mabadiliko matatu kwa mara moja.

La kwanza ni mahali. Watoto wengine wa vijiji vyetu huja hapa Isangi, mto Lomami unapoingia katika mto Kongo. Wengine huenda Yangambi, na wengine hupanda mto hata Kisangani, mwendo wa kilometa 125 hivi. Mtoto aliyezoea kula chakula cha mama yake kila jioni, sasa atakula mezani pa mtu mwingine.

La pili ni walimu. Katika shule ya kijiji mwalimu mmoja alimfundisha masomo yote, tena alimjua baba yake na babu yake. Katika darasa la saba kila somo lina mwalimu wake. Mmoja hutoka, mwingine huingia, wala hakuna ajuaye ya kuwa mtoto huyu ni mpole, au ya kuwa hasikii vema kwa sikio la kushoto.

La tatu ni gharama. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema ya kwamba elimu ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima tena ni ya bure. Na tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kulitimiza neno hilo katika shule za msingi za umma, pamoja na zile ziongozwazo na Kanisa kwa mapatano na Serikali. Lakini bure hiyo ilianzishwa kwa ajili ya shule ya msingi. Mzazi asidhani ya kuwa mambo yote ya darasa la saba yatakuwa kama yale ya darasa la sita. Na hata penye bure, daftari, nguo, sabuni na chakula havikosi kutafutwa.

II. HATARI YA UKIMYA

Tuweke mfano. Baba mmoja mvuvi ana binti wa miaka 12. Binti amefaulu darasa la sita. Hakuna mtu nyumbani aliyesema neno juu ya Septemba. Mama adhani baba ataamua. Baba adhani binti hataki tena shule, kwa sababu haulizi. Binti naye adhani wazazi hawana haja na masomo yake, ndiyo maana anyamaza.

Mwezi wa Agosti shangazi afika kuwasalimu, asema, "Kaka yangu, msichana huyu amekwisha kuwa mkubwa. Yuko mtu aliyeuliza habari zake."

Baba ajibu, "Tutaona."

Septemba yafika. Fedha hazikuwekwa, mahali pa kulala hapakutafutwa, jina halikuandikwa. Binti abaki nyumbani, na baada ya muda yule mtu arudi kuuliza tena.

Angalieni vema. Katika nyumba ile hakuna aliyemkataza mtoto shule. Hakuna hata mmoja aliyesema "hapana". Ni ukimya tu uliomfungia mlango, na lile neno "tutaona" likawa kufuli. Tena shangazi na baba hawakukumbuka ya kwamba sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009, inayowalinda watoto, humhesabu kuwa mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18, na hukataza kumwoza.

Kwa mvulana ukimya hufanya kazi ileile kwa njia nyingine. Julai huombwa asaidie kuvuta nyavu siku chache. Agosti huwa amezoea kushika fedha kidogo za samaki. Septemba husema mwenyewe, "Shule ya nini?"

III. TUJIFUNZE KWA NGOMA

Kwa habari ya kusema na watoto, tunaye mwalimu mwema papa hapa kwetu, ndiye ngoma ya mti ya Walokele. Bwana John Carrington, aliyekaa miaka mingi kule Yakusu, alieleza habari zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1949. Ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi hufanana kwa sauti hizo. Mpigaji akipiga neno moja fupi, msikilizaji wa mbali hawezi kujua lipi limekusudiwa. Kwa hiyo wazee hawapigi neno fupi peke yake, bali huliongezea maneno mengine yanayolieleza, hata asikiaye asikosee.

Wazazi wengi hupiga neno fupi. Husema, "Utakwenda kwa mjomba," wakanyamaza. Mtoto asikia nini? Mmoja asikia, "Wamenipenda, wanataka niendelee." Mwingine asikia, "Wamenichoka, wananifukuza." Sauti ni ileile moja. Basi neno la mabadiliko lataka kupigwa kirefu, kama ngoma: utakwenda wapi, kwa nani, kwa sababu gani, utarudi lini, na nani atakuja kukutazama.

Tena baba asiseme tu, asikilize pia. Jioni moja, kazi zikiisha, amwite mtoto, amwambie:

"Mwanangu, kaa hapa. Shule ya kijiji umeimaliza. Wewe mwenyewe waonaje?"

"Baba, naogopa."

"Waogopa nini?"

"Nikikaa kwa mjomba, nani ataniamsha asubuhi?"

Pengine baba alidhani ya kuwa mtoto aogopa mji, au hesabu ngumu, au Kifaransa cha walimu. Kumbe hofu yake ni ndogo, na dawa yake ni nyepesi: kumwomba mke wa mjomba amwamshe. Lakini hofu ndogo isiyoulizwa hukua.

IV. KOTI DOGO LA SAMWELI

Maandiko Matakatifu yatusimulia habari za Hana, mama aliyemwomba Mungu mtoto kwa machozi. Alipomwachisha ziwa Samweli, alimpeleka Shilo, akamwacha katika nyumba ya Bwana pamoja na kuhani Eli, kama alivyokuwa ameahidi. Lakini hakumsahau. Kila mwaka, alipopanda pamoja na mumewe kutoa sadaka, alimchukulia mwanawe koti dogo alilolifanya mwenyewe.

Fikirini koti lile. Kama Hana angalishona kila mara kwa kipimo cha mwaka uliopita, mtoto asingeweza kulivaa. Ilimpasa kujiuliza mbali na mwanawe, "Sasa mabega yake yamefika wapi?" Ndivyo apendavyo mzazi mwenye hekima. Hamwachi mtoto, wala hamvishi tena nguo ya mwaka jana. Humpimia upya kila mwaka: kazi mpya, uhuru mpya, maneno mapya, na mapendo yaleyale.

V. MAMBO MATANO YA KUTENDA

1. Kuaga vema. Katika juma la mwisho, mzazi aende na mtoto kumshukuru mwalimu wa kijiji. Mkono mtupu wenye shukrani watosha. Mtoto aliyeaga vema huanza vema.

2. Kuweka akiba tangu Julai. Mzazi aulize mapema katika shule mpya ni kitu gani kitakachotakiwa. Kisha kila siku ya soko atenge sehemu ya fedha za samaki, za mchele, za kwanga au za mawese, hata ikiwa kidogo. Mtu asiyeweza kutoa franka nyingi kwa siku moja aweza kutoa chache katika majuma manane.

3. Kuona mahali kabla ya siku. Baba au mama amtembeze mtoto mpaka shule mpya, na mpaka nyumba atakayokaa. Hapo wapatane waziwazi na mwenyeji: mtoto atafanya kazi gani, na saa gani atasoma. Kumsaidia mjomba ni adabu njema. Kuwa mtumishi wa nyumba hata daftari zikose kufunguliwa, hilo si mapatano.

4. Kumpa msimamizi. Ninyi wakatekumeni mwajua jambo hili. Hamwendi kwenye Ubatizo kwa siku moja, bali hatua kwa hatua, na kila mmoja hutafutiwa msimamizi aliyetangulia katika njia. Mtoto naye atafutiwe mwanafunzi mmoja mwema, aliyekwisha kupita darasa la saba, amwonyeshe mlango, kisima na desturi za shule.

5. Kuwakumbuka wanaobaki. Dada akienda, nani atachota maji? Mdogo wake asiamke tu siku moja akute ndoo mbili. Aelezwe mapema, tena asifiwe kwa kupewa kazi ya ukubwa.

Na yule aliyeshindwa? Kwake pia mwaka umebadilika, kwa maana wenzake watakwenda, naye atakaa tena katika benchi lile. Asitukanwe mbele ya jamaa. Mzazi aende kwa mwalimu, aulize ni somo gani lililomshinda, na kazi ya nyumbani ipunguzwe saa moja ili asome. Kurudia darasa si aibu. Kuachwa peke yako katika huzuni ndiko kunakovunja moyo.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Nani hupanda darasa mwaka wa shule ukiisha?
Jibu: Mtoto hupanda darasa, na nyumba yake yote pamoja naye.

Swali: Kitu gani huwafungia watoto wengi mlango wa darasa la saba?
Jibu: Ukimya wa wazazi katika miezi ya Julai na Agosti.

Swali: Ngoma ya mti yatufundisha nini?
Jibu: Neno kubwa lisemwe kwa kirefu, ili asikiaye asikosee.

Swali: Koti la Samweli latufundisha nini?
Jibu: Kumpenda mtoto kama alivyo leo, si kama alivyokuwa mwaka jana.

KUSUDI

Juma hili, kabla ya kulala, nitamwita mtoto wangu peke yake, nitamwuliza, "Waogopa nini?" Nami sitamjibu "tutaona".