Kanga za marehemu mama

Swali: Mama ametuachia sanduku la kanga za harusi, arobaini na misiba. Wadogo zangu wanataka tugawane. Je, kumbukumbu haitapotea?

Jibu: Pole kwa msiba, dada. Gawaneni, ila kwanza kaeni na shangazi na mama wadogo, mfungue moja moja. Jina la kanga limechapwa tayari. Nani aliinunua, kwa shughuli ipi, hilo wanalijua wao tu. Liandikeni kwenye kitambaa cheupe, mkishone pindoni. Doti ambayo haijakatwa iacheni nzima. Mfuko wa nailoni hufuga ukungu, afadhali shuka la pamba. Zikunjeni upya mara kwa mara, maana pamba hukatikia mkunjoni. Nyingine zivaeni! Mjukuu na abebwe kwa kanga ya bibi yake.