Matembezi ya Usiku Katika Mtaa wa Kale wa New Orleans

Msafiri atakayefika New Orleans, bandari ya jimbo la Louisiana iliyoasisiwa na Wafaransa mwaka 1718 penye kombo la mto Mississippi, hatakosa kuona, jua linapokuchwa, makundi ya wageni yakikusanyika karibu na uwanja wa Jackson Square, mbele ya kanisa kuu la St. Louis, yakingoja kutembezwa katika mtaa wa kale uitwao French Quarter na kusimuliwa habari za mizimu na wanyonya damu. Matembezi hayo huchukua kadiri ya saa mbili, na mwendo wake si mrefu. Walakini, kwa kuwa njia za kando zimepasuka na kuinuka kwa mizizi ya miti, na joto la Juni hata Septemba huwa la fukuto usiku kucha, yafaa mtu avae viatu vya chini alivyokwisha kuvizoea, achukue maji, na akiweza afunge safari yake kati ya Oktoba na Aprili.

Sheria ya mji yamtaka kila kiongozi awe na leseni, kundi lake lisizidi watu 28, na matembezi ya mtaa huu yawe yamekwisha saa nne za usiku. Kwa hiyo asiyeonyesha kitambulisho chake cha kazi usimfuate. Aghalabu kundi husita njiani kwenye baa, na hadithi nyingine si za kusikiwa na watoto, basi mwenye kusafiri na wanawe aulize kabla ya kulipa. Bakshishi kwa kiongozi ni desturi ya Marekani yote, naye huitarajia.

Habari za wanyonya damu husimuliwa zaidi mbele ya nyumba ya watawa wa Ursuline, Chartres Street. Hekaya yasema kwamba mwaka 1728 waliletwa kutoka Ufaransa wasichana wa kuozwa kwa wahamiaji, kila mmoja na sanduku lake mfano wa jeneza, na kwamba masanduku hayo yalipandishwa ghorofa ya juu, madirisha yakafungwa kwa misumari iliyobarikiwa, na hata leo hayafunguliwi. Nyumba inayoonekana sasa ilimalizika yapata mwaka 1753, robo karne baada ya wasichana hao wa hekaya kushuka melini. Nayo hata hivyo yastahili kutazamwa, kwani ni katika majengo machache ya zama za Wafaransa yaliyosalimika katika mioto mikuu ya 1788 na 1794, na mengi ya majumba yenye roshani ambayo wageni huyasifu yalijengwa baada ya mioto hiyo. Msomaji wa pwani yetu, aliyelelewa kwa habari za mumiani, hahitaji kufunzwa jinsi khofu ya mgeni izaavyo hekaya ya damu. Nao mji huu ulikuwa na sababu ya kuogopa: homa ya manjano, ambayo humtoa mgonjwa damu kinywani, iliua humo watu wapatao 8,000 mwaka 1853. Wengine huja kwa ajili ya Anne Rice, mzaliwa wa mji huu, ambaye riwaya yake Interview with the Vampire ilitoka mwaka 1976.

Ama kituo kinachostahili kusikilizwa kuliko vyote ni nyumba nambari 1140 ya Royal Street, ya rangi ya kijivu, iliyokuwa ya Delphine LaLaurie, bibi tajiri aliyekuwa akiwakaribisha wakubwa wa mji karamuni. Tarehe 10 Aprili 1834 moto ulizuka jikoni, na watu waliokuja kuuzima, walipouvunja mlango uliofungwa, waliwakuta watumwa saba wamekondeana kwa njaa, wana minyororo na majeraha ya mateso; habari ilipoenea umati uliivamia nyumba ukaibomoa, na bibi mwenyewe, aliyekwisha kutoroka, akaenda kuishi Ufaransa pasipo kuhukumiwa. Jengo lililopo lilijengwa upya baadaye. Viongozi wengi hutia chumvi hapo, wakisimulia viungo vilivyokatwa na kuungwa kwa namna za kuchukiza, mambo ambayo hayamo katika magazeti ya 1834 na yalienezwa katika karne iliyofuata. Nami naona ni dhuluma kuyapamba madhila ya watu wale ili wageni wapige mayowe, ilhali yaliyothibiti yatosha kumnyamazisha mwenye insafu. Basi muulize kiongozi mapema atasema nini juu ya utumwa. Akijibu kwa mzaha, mtafute mwingine. Tena nyumba hiyo ni ya mtu binafsi: simama ng'ambo ya njia, wala usiguse mlango.

Makaburi ya St. Louis Cemetery No. 1, yaliyofunguliwa mwaka 1789, hufungwa usiku, na tangu 2015 mgeni haingii hata mchana bila kiongozi mwenye leseni, kwa sababu ya uharibifu. Humo maiti huzikwa ndani ya vijumba vya matofali vilivyojengwa juu ya ardhi, na kwa desturi baada ya mwaka na siku moja mifupa husogezwa nyuma ili kaburi lipokee mwingine wa ukoo uo huo. Kaburi linalosemekana kuwa la Marie Laveau, kuhani mashuhuri wa dini ya Voodoo aliyefariki 1881, lilichorwa alama za X na wageni waliotaka haja zao zitimizwe, hata likalazimika kutengenezwa; basi usiandike chochote.

Atakayebakiwa na asubuhi moja na avuke Rampart Street aende Congo Square, ndani ya bustani ya Louis Armstrong, mahali ambapo watumwa walikuwa wakikusanyika kila Jumapili kufanya biashara, kupiga ngoma na kucheza. Bustani hiyo haina kiingilio.