Je, Kuzima Mashine ni Kuua?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia upendo wa ndoa, malezi ya watoto na matumizi ya pesa nyumbani. Mara hii tutatazama jambo ambalo wanandoa wengi hawalitaji mpaka siku linapowafika. Mzazi amelazwa akiwa mahututi, na familia inaulizwa: tuendelee kumtibu kwa mashine, au tuache? Uamuzi huu umeondoa amani katika nyumba nyingi za Kikristo. Na kwa kuwa unagusa amri ya tano, yaani Usiue, haifai kuuachia hasira, woga au maneno ya majirani.

Chukueni mfano huu. Mzee wa miaka 80 amepatwa na kiharusi kikali. Figo zimeacha kufanya kazi, na anapumua kwa mashine. Madaktari wamesema hawaoni tumaini la kupona. Mwanawe wa kwanza anataka kuuza shamba ili bili ilipwe na matibabu yaendelee. Mkewe anamwambia, "Baba watoto, tukiuza shamba tutakula nini? Na daktari amesema mzee hataamka." Mume anajibu kwa ukali, "Kumbe unataka baba yangu afe!" Tangu siku hiyo wanalala kitanda kimoja lakini hawasemezani.

Nani kati yao ana haki? Kabla ya kujibu, tujifunze kutofautisha mambo mawili.

Kuua mgonjwa

Uhai ni zawadi ya Mungu, nasi ni watunzaji wake tu. Kwa hiyo hakuna aliye na ruhusa ya kumwua mgonjwa, hata akiwa mzee sana au mlemavu, hata kama anateseka, na hata akiomba mwenyewe. Tendo hilo huitwa eutanasia, na wengine hulipamba kwa jina la kifo laini. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alilikataza waziwazi katika waraka wake Evangelium Vitae wa tarehe 25 Machi 1995. Humo alieleza kwamba eutanasia ni tendo, au kuacha kutenda, kunakoleta kifo kwa kusudi la kuondoa mateso.

Angalieni hayo maneno "kuacha kutenda". Mtu anaweza kuua kwa sindano, na anaweza kuua akiwa ameketi tu. Fikirini nyanya mwenye ugonjwa wa sukari ambaye anaishi vizuri kwa insulini. Watoto wake wana uwezo wa kuinunua, lakini wanaacha, wakisema ameshakula chumvi nyingi na ni wakati wake wa kupumzika. Hakuna aliyemgusa, lakini wamemwua. Ni vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa na ulemavu akanyimwa maziwa au dawa ambazo mtoto mwingine angepewa bila swali.

Kukubali kifo

Lakini kukubali kwamba kifo kimefika si kuua. Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pio wa XII aliulizwa na madaktari kuhusu mashine za kupumulia. Aliwajibu kwamba mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida za kutunza uhai, yaani zile zisizomtwika yeye au wengine mzigo mkubwa kupita kiasi. Mambo yanayozidi hapo anaweza kuyakubali, lakini halazimishwi.

Tarehe 5 Mei 1980 Vatikano ilitoa tamko kuhusu eutanasia lililoendeleza mafundisho hayo. Lilisema kwamba mtu anaweza kukataa tiba yenye mzigo usiolingana na faida inayotarajiwa. Hata nia ya kutoitwika familia au jumuiya gharama kubwa mno lilitaja kuwa ni sababu halali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inafundisha hivyo hivyo: tiba nzito, ya hatari au isiyolingana na matokeo yake yaweza kusimamishwa. Hapo hatutaki kumwua mgonjwa. Tunakubali kwamba hatuwezi kukizuia kifo.

Basi lililo muhimu ni hili: tunapima tiba, hatumpimi mtu. Tunauliza kama mashine hii bado inamsaidia baba, wala hatuulizi kama maisha ya baba yana thamani. Thamani yake haipungui hata akiwa hajitambui.

Yohane Paulo wa Pili mwenyewe alituonyesha njia. Mwezi wa Februari 2005 alikubali kupasuliwa koo ili aweze kupumua, na mwishoni mwa Machi alikubali kulishwa kwa mpira. Lakini hali ilipozidi kuwa mbaya hakurudishwa hospitalini tena. Alitunzwa chumbani mwake kati ya sala za watu wake, akafariki tarehe 2 Aprili 2005.

Mambo yasiyoachwa kamwe

Tiba ikisimamishwa, matunzo hayasimamishwi. Mgonjwa aoshwe, ageuzwe asipate vidonda, na apewe chakula na maji. Mwaka 2004 Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba chakula na maji, hata yakipitia kwenye mpira, ni matunzo ya kawaida maadamu mwili unaweza kuyapokea na yanamsaidia mgonjwa.

Apewe pia dawa ya maumivu. Wakristo wengine huogopa mofini wakidhani ni sumu ya polepole. Kanisa linaruhusu dawa kali ya kutuliza maumivu, hata kama ingeweza kufupisha uhai, maadamu lengo ni kupunguza mateso na si kuua. Na ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa kawaida haimwui mgonjwa. Hapa Kenya tuna vituo vya kutunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kama Nairobi Hospice, kilichoanza mwaka 1990. Ulizeni hospitali iliyo karibu nanyi kuhusu huduma kama hiyo.

Zaidi ya yote, mwiteni padre mapema. Mpako wa Wagonjwa si wa maiti. Mgonjwa akiwa bado na fahamu, apate Kitubio na Komunyo Takatifu.

Mume na mke waamue vipi?

1. Mgonjwa mwenyewe akiweza kusema, asikilizwe kwanza. Asipoweza, kumbukeni aliyokuwa akitaka alipokuwa mzima, mradi hayapingani na amri ya Mungu.

2. Nendeni kwa daktari mkiwa wawili. Mwulizeni: Tiba hii itamsaidia nini? Itamletea taabu gani? Tukiiacha, atakufa kwa ugonjwa wake, au kwa kukosa jambo ambalo kila mgonjwa anastahili?

3. Zungumzeni gharama bila aibu. Pesa si kipimo cha mtu, lakini karo na chakula cha watoto pia ni wajibu mbele ya Mungu.

4. Waiteni ndugu wote wasikie pamoja, ili kesho asitokee wa kusema, "Mke wa fulani ndiye aliyemwua mzee."

5. Salini kabla ya kuamua, na mkisha kuamua msilaumiane.

Turudi kwa wale wawili. Mume ana haki anaposema kwamba baba yake si wa kutupwa. Mke naye ana haki anaposema kwamba wajibu una mpaka. Kama madaktari wana hakika kwamba mashine inarefusha tu kufa, wanaweza kukubali iondolewe kwa dhamiri safi, wakae kando ya kitanda wakisali Rozari. Lakini kama daktari angesema kwamba wiki mbili za kusafishwa damu zingemrudisha mzee nyumbani, jibu lingekuwa lingine. Hapo ingefaa kufanya harambee, hata kuuza ng'ombe. Na mume amwombe mkewe msamaha kwa neno lile, kwa maana hakutaka mzee afe.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

Je, tumewahi kuambiana tungependa kutunzwa namna gani tukiugua sana?

Je, kuna mzee katika ukoo wetu anayekosa dawa za kawaida kwa sababu tumemchoka?

Je, kuna lawama ya kifo cha zamani kati yetu ambayo hatujasameheana?