Gari Kuukuu la Familia: Tulikague Kabla ya Kulipa



Msimu wa ufuta ukiisha, na wa korosho ukifuata, fedha huingia majumbani mwetu huku Kilwa na Lindi. Ndipo dalali naye hufika. Anasema, "Gari zima kabisa hili, tia ufunguo uondoke!" Fedha ile ni jasho la mwaka mzima. Ikiingia kwenye gari bovu, haitoki tena. Basi leo tujifunze kukagua gari kubwa la familia lililotumika miaka mingi.

SALUNI AU STESHENI WAGONI?

Saluni ina buti iliyotengwa na viti. Stesheni wagoni ni ndefu nyuma, na paa lake linafika mpaka mlango wa nyuma.

Wazee wetu wanalikumbuka Peugeot 504. Lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 lilishinda mashindano ya magari ya Safari nchini Kenya. Stesheni wagoni yake ilikuwa ndefu kuliko saluni kati ya tairi za mbele na za nyuma. Nyuma ilikuwa na springi nne, ili ibebe mzigo.

Siku hizi tunaona zaidi magari ya Kijapani, kama Toyota Mark II. Gari hilo liliacha kutengenezwa mwaka 2004. Stesheni wagoni iitwayo Mark II Blit iliacha mwaka 2007. Kwa hiyo hata anayekwambia "hili jipya jipya" anauza gari la miaka mingi. Mengi yake yana injini ya silinda sita. Ni laini barabarani, lakini yanakunywa mafuta.

Tusinunue jina. Gari lenye sifa, likitunzwa vibaya, ni gari bovu. Uliza pia: vipuri vyake vinapatikana Lindi mjini, au mpaka Dar es Salaam?

HATUA ZA KUKAGUA

Nenda mchana, mvua isiponyesha. Nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi wa muuzaji.

1. Kutu. Sisi tunakaa pwani. Hewa ya chumvi hula chuma. Inama utazame chini ya milango, ndani ya matao ya tairi, na sakafu. Stesheni wagoni nyingi hubeba samaki na pweza. Maji ya chumvi hudondoka chini ya zulia, na huko hula sakafu polepole. Funua zulia. Mafundi wengine huziba matundu kwa plasta, kisha wakapaka rangi. Chukua sumaku ya redio mbovu, ifunge kitambaa, uipitishe kwenye bodi. Isiposhika mahali palipotakiwa kuwa chuma, hapo pamezibwa.

2. Maji ya mafuriko. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa, na barabara ya Lindi na Dar es Salaam ikakatika upande wa Somanga. Gari lililozama laweza kusafishwa likang'aa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Ukiona tope, au ukisikia harufu ya uvundo, liache. Nyaya za umeme zitakusumbua.

3. Injini. Sema kabla: "Msiiwashe mpaka nifike." Ikiwa baridi, fungua rejeta utazame maji. Ikiwa ya moto usifungue, utaungua! Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Sasa iwashe. Moshi wa bluu ukiendelea kutoka, injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usiokwisha, maji yanaungua ndani. Moshi mweusi, mafuta hayaungui vizuri.

4. Mwendo. Simama mbali kidogo: je, gari limekaa sawa, au nyuma limelala? Likilala, springi zimechoka kwa mizigo. Kisha liendeshe penye lami na penye mashimo. Shika breki: linavuta upande? Kama kwenu ni Kipatimu au Nanjilinji, angalia pia kama tumbo la gari halitagonga njia.

5. Karatasi. Soma kadi ya gari mwenyewe; ndiyo faida ya kujua kusoma. Namba ya chesisi na ya injini kwenye kadi zilingane na zile za kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu. Jina liwe la muuzaji. Mwandikiane mkataba mbele ya mashahidi, na umiliki ubadilishwe TRA. Ukitaka kubeba abiria kwa nauli, unahitaji leseni ya LATRA.

TUFANYE HESABU

Bei hizi ni za mfano tu. Tuseme familia ina shilingi 6,000,000.

Bei ya gari: 5,000,000
Tairi 4 kwa 120,000: 480,000
Kuondoa kutu: 400,000
Bima na karatasi: 250,000
Jumla: 6,130,000

Fedha zimepungua kwa shilingi 130,000, na petroli bado! Mwonyeshe muuzaji kasoro moja moja. Akishusha bei hadi 4,400,000, jumla inakuwa 5,530,000. Zinabaki 470,000 za akiba. Akikataa, muage kwa heshima. Magari hayajaisha, na karo ya watoto inangoja.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini hatufungui rejeta ya moto?
2. Sumaku inatusaidiaje kukagua bodi?
3. Katika kijiji chenu, saluni na stesheni wagoni, ipi ingefaa zaidi? Toeni sababu.
4. Rudia hesabu yetu kwa tairi 2 tu na bei ya gari 4,700,000. Je, shilingi 6,000,000 zinatosha?