Kuku na Kunguru wa Unguja: Ushahidi wa Mifupa, wa Lugha na wa Macho

Katika ua wa karibu kila shule ya kisiwa cha Unguja huonekana ndege wawili ambao ni wanafunzi wachache mno wajisumbuao kuwatazama: kuku na kunguru. Mmoja hufugwa, mwingine huiba. Hata hivyo wote wawili ni wageni kisiwani, na asili yao ni bara la Asia. Swali la lini walifika ni swali la kisayansi, na njia zilizotumika kulijibu zafaa kufundishwa darasani, kwani kuku ametafutwa ardhini, ilhali kunguru aweza kutafutwa katika maandishi na katika lugha yenyewe.

Tuanze na kuku. Kusini-mashariki ya kisiwa, karibu na Jambiani, liko Pango la Kuumbi. Kwa wenyeji hapo ni mahali pa mzimu, na watu wameendelea kupeleka sadaka humo. Mtaalamu wa elimukale hana sababu ya kuidharau imani hiyo, kwani mahali panapoogopwa aghalabu hapachimbuliwi ovyo, na tabaka za udongo hubaki zimelala kama zilivyolala.

Watu waliolitumia pango hilo takriban miaka 20,000 iliyopita hawakuwa watu wa kisiwa. Wakati ule maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko sasa, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Ndiyo sababu katika tabaka za chini imepatikana mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama wasiokuwako tena kisiwani. (Pemba ni habari nyingine. Mkondo uitengao na bara una kina kikubwa, na utengano wake ni wa zamani mno. Kwa hiyo ina ndege wake wa pekee, mathalani chozi wa Pemba, asiyepatikana penginepo duniani.)

Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba pangoni humo, na baadaye akaeleza kuwa miongoni mwa mifupa iliyopatikana ilikuwamo ya kuku, tena katika tabaka za maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Dai hilo lilikuwa zito. Kuku hawezi kuivuka Bahari ya Hindi kwa mbawa zake. Ikiwa alikuwako Unguja zamani hizo, basi kulikuwa na mawasiliano na Asia mapema sana kuliko ilivyodhaniwa, na historia ya pwani ingepaswa kuandikwa upya. Hayo yote yaliutegemea mfupa usiozidi urefu wa kidole.

Ugumu ni huu: mifupa ya kuku yafanana mno na ya kanga na ya kwale, ambao ni ndege wa Afrika. Zaidi ya hayo, mfupa mdogo huhama. Panya na kaa huchimba mashimo, na kitu cha juzi chaweza kuangukia katika udongo wa kale. Anayekisia umri wa mfupa kwa kuangalia tabaka tu aweza kukosea kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 2017 kikundi cha wataalamu wa nchi mbalimbali kilichapisha matokeo ya uchunguzi wa mifupa kutoka mahali 22 pa Afrika Mashariki. Hawakuridhika na umbo. Walichunguza kolajeni, yaani protini iliyomo mfupani, ambayo vipande vyake hutofautiana uzito kutoka jamii moja ya wanyama hadi nyingine. Wakatafuta mabaki ya DNA. Kisha wakapima kaboni 14 ya mifupa yenyewe. Mwanafunzi atakumbuka kuwa kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi tangu kiumbe afe. Matokeo yao yaonyesha kuwa kuku, pamoja na panya mweusi, waliletwa pwani katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo, si maelfu ya miaka kabla. Ushahidi huo una nguvu zaidi kwa sababu kilichopimwa ni mfupa, wala si udongo ulioufunika. Lakini kama dai la kwanza lisingetolewa, pengine kazi hii ya pili isingefanywa kwa uangalifu kiasi hicho.

Darasa laweza kulionja tatizo hili kwa gharama ndogo. Mifupa ya kuku aliyeliwa ichemshwe, isafishwe, ianikwe na kuandikwa majina; ikipatikana ya kanga, ilinganishwe nayo. Jogoo ana kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, na kanga wa kawaida hana. Je, kipi kinatosha kuamua? Hakitoshi, kwa kuwa tembe hana kipi kama cha jogoo, na kwale wengi wanacho.

Kunguru hahitaji kuchimbiwa. Kunguru wa Bara Hindi, ambaye kisayansi huitwa Corvus splendens, aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na yasemekana kusudi lilikuwa kuondoa taka za mji. Kufikia mwaka 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na aliyekusudiwa kuwa mfagiaji amekuwa adui wa bustani.

Lakini methali yasema kuwa kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake. Yeyote aliyenyang'anywa andazi na kunguru wa mjini atashangaa woga huo uko wapi. Jibu huenda limo katika kitabu cha Edward Steere kuhusu Kiswahili cha Unguja, kilichotoka kwanza mwaka 1870, ambamo kunguru aelezwa kuwa na baka jeupe shingoni. Huyo ni kunguru wa Afrika, mkubwa kidogo kuliko mgeni wake, ambaye shingo yake ni ya kijivu. Jina la mwenyeji limehamia kwa mgeni, na inaelekea methali ilitungwa kwa ajili ya ndege mwingine.

Kazi iliyobaki ni ya macho. Wakati mzuri wa kuanza ni mwezi Machi, mbayuwayu wanapojiandaa kurudi kaskazini, ambako majira ya machipuko yanakaribia na watazamaji wa huko nao hutoka bustanini kuwasubiri. Wanafunzi wachague mahali pamoja, wakae kimya robo saa kila asubuhi, na kuhesabu kila ndege aliyetua. Kunguru wahesabiwe mbali kwa aina zao. Akionekana mwenye baka jeupe, iandikwe tarehe, saa, mahali, na kama alikimbia mtu alipokaribia.