Na mbwa hemani, vilima vya Manga

Swali: Daktari, nataka kupiga kambi na mbwa wangu katika vilima vya Manga, mpakani mwa Kisii na Nyamira. Nijiandae vipi?

Jibu: Kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hajawahi kuchanjwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo mwezi mzima kabla ya safari, maana kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Mchana mfunge kamba, kuna mifugo ya watu. Usiku alale hemani. Baridi ya huko ni kali. Asubuhi mkague kupe masikioni na katikati ya vidole.